Shajara ya kambi ya shamba na mikoko, Likoni (2025)

Shamba letu ni ekari mbili upande wa Mtongwe, Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Juu kuna minazi na miembe, katikati bustani na mabanda, na chini linaishia kwenye mikoko ya hori la Port Reitz. Anayelitunza ni ami yangu, ndugu mdogo wa marehemu baba. Tulichokusudia ni kambi ya likizo ya siku tano kwa watoto wa miaka 8 hadi 15: waje asubuhi, wafanye kazi za shamba, waijue pwani, maji na miti ya hapa, jioni warudi makwao. Naandika hatua zinapokamilika, na bei naziweka kama zilivyokuwa, ili mwenye shamba dogo asianze kwa kubahatisha.

25 Januari: Kisima

Matuta ya kwanza yalikuwa ya sukuma wiki na nyanya. Miche ilishika vizuri, halafu kingo za majani zikaanza kuwa kahawia na kujikunja. Ami akalaumu jua la kaskazi, mimi nikashuku samadi kuwa mbichi. Tukaligawa tuta moja nusu kwa nusu: huku maji ya kisima, huku maji ya mitungi ya kununua. Baada ya wiki mbili hakukuwa na cha kubishania tena. Kisima kina chumvichumvi, na kiangazi maji matamu yakipungua ardhini, ya bahari husogea kuchukua nafasi yake. Maji yale yale ambayo baada ya masika watu huyanywa, Januari ukiyaonja unayatema.

Tumenunua tangi la lita 5,000 (Sh 38,000), mifereji ya paa na mabomba (Sh 9,500), na fundi kachukua Sh 3,000. Maji yanavunwa kwenye mabati ya nyumba. Banda kubwa la makuti tumeliacha, kwa sababu maji yake hutoka na rangi na taka.

Nyanya tumezisahau. Mchicha na kunde vimevumilia maji ya kisima, basi bustani itakuwa ya mchicha na kunde. Kuna faida nyingine ambayo sikuwa nimeihesabu: kunde huchomoza ndani ya siku tatu au nne. Mtoto akipanda Jumatatu, Ijumaa anaona kitu. Sukuma wiki ingemtaka arudi baada ya mwezi na nusu.

8 Machi: Mboji isiyooza

Mpaka wa shamba una safu ya mivinje, na majani yake membamba hurundikana chini kama busati. Tuliyazoa yote tukayatia kwenye lundo la mboji pamoja na samadi ya mbuzi na mabaki ya jikoni. Tulipolipindua, mabaki ya jikoni yameisha, samadi imekuwa udongo, majani ya mvinje yako vile vile.

Kumbe jambo hili lina historia hapa hapa Mombasa. René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alipoanza kupanda miti kwenye machimbo ya saruji ya Bamburi mwaka 1971, mvinje ndio ulioshika pale penye matumbawe matupu, lakini majani yake yalianguka yakakaa tu bila kuoza. Waliomsaidia ni jongoo. Walikula yale majani, kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo, na msitu uliotokana na kazi hiyo ndio leo watu wanaupitia kwenda kutazama viboko na kobe wa Haller Park.

Basi tumetenga malundo mawili. Moja la kawaida, lenye joto. La pili la majani ya mvinje peke yake, kivulini, likisubiri mvua na jongoo. Gharama: hakuna, ila nusu siku ya kuchambua majani kwa mkono, kazi ambayo simtakii mtu.

15 na 16 Aprili: Jaribio

Tuliwaita watoto kumi na wawili, wa ndugu na wa majirani, bila malipo. Masika nayo ikaitika mwaliko. Paa la banda lilivuja pale makuti yalipopishana kidogo mno, na kuni zikalowa. Hayo yana fundi wake: makuti 120 zaidi kwa Sh 20 kila moja, na fito.

Kisichokuwa na fundi ni ratiba. Niliigawa siku vipindi vya dakika 40, kila kipindi na kituo chake: mbuzi, kuku, bustani, mnazi, mikoko. Kila walipoanza kuzama kwenye kitu, kengele inalia. Mtoto mmoja wa miaka tisa alikuwa ameshika chuchu ya mbuzi kwa mara ya kwanza, anakamua hewa tu, na ndiyo kwanza tone la maziwa limegusa sufuria, anaitwa aende akatazame mnazi. Alikwenda akilia. Ami alinitazama, hakusema kitu, na kengele ile sijaiona tena.

Wakubwa wa miaka 13 na kuendelea walikaa chini ya mwembe na simu zao. Sikuwalaumu. Kuokota mayai kwenye kikapu na wadogo zako si kazi ya mtu mwenye sharubu zinazochomoza.

Jambo lililofaulu halikuwamo kwenye ratiba. Mvua iliponyamaza jioni ya kwanza, jongoo walitoka kila mahali. Nikasema atakaye awakusanye awapeleke kwenye lundo la mvinje. Wasichana wawili wa Majengo, waliokuwa wakiruka na kupiga mayowe kila jongoo akijitokeza, baada ya saa moja walikuwa wanawahamisha viganjani na kuwagombeza wenzao kwa kuwabana. Jongoo akiguswa hujikunja na kutoa majimaji yanayochafua vidole kwa rangi ya njano iliyokolea. Wote walirudi nyumbani na vidole hivyo. Tahadhari kwa atakayeiga: mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa macho, maana majimaji hayo huwasha.

14 Juni: Kalenda mpya

Likizo ya Agosti ni tarehe 4 hadi 22. Nilikuwa nimeshawaambia wazazi kambi itakuwa wiki ya mwisho, tarehe 18 hadi 22, kwa sababu ndiyo iliyonifaa mimi. Nikamwendea mzee wa kikundi cha mikoko kupanga siku ya kushuka horini. Akauliza siku hizo mwezi wa angani utakuwa mpevu au nusu. Sikujua.

"Basi mwanangu, wiki hiyo inaanza na maji mafu. Utawaleta watoto wa watu watazame nini?"

Kwa asiyeishi na bahari: mwezi ukiwa mpevu au ukiandama tunapata bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu, hayajai wala hayapwi vya kutosha. Na hapa Mombasa bamvua ina tabia moja inayowafaa watoto mno: kupwa kwake huangukia kati ya saa nne na saa sita mchana. Siku za maji mafu, kupwa ni alfajiri na jioni. Kila siku saa inasogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Jedwali la maji la Kilindini hutolewa na Halmashauri ya Bandari, na sasa limebandikwa mlangoni kwangu.

Mwezi wa Agosti unapevuka tarehe 9. Kambi imehamia tarehe 11 hadi 15. Wazazi watatu wamejitoa kwa sababu ya badiliko hilo, na wawili kati yao walikuwa wametanguliza pesa, zimerudishwa.

Baada ya hapo nimepanga kila kitu kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka siku ya kambi. Yai la kuku huanguliwa kwa siku 21: koo awekewe mayai 22 Julai. Mchicha wa kukatwa uko tayari kwa wiki tatu hadi nne: upandwe 17 Julai. Mboji huwa na joto kali wiki za mwanzo: lundo jipya lijengwe 1 Agosti, si mapema.

Karatasi za wazazi: ruhusa, mizio ya chakula, dawa, na ruhusa ya picha kando, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kwa taarifa za mtoto. Wasaidizi wote wameleta cheti cha tabia njema kutoka polisi. Hili usilifanyie mzaha hata kama msaidizi ni binamu yako.

11 Agosti: Foleni

Wazazi wengi hawakutaka watoto wavushwe kwa feri. Nawaelewa, feri iliyozama Mtongwe mwaka 1994 haijasahauliwa. Kwa hiyo tulikodi basi lizunguke kwa barabara ya Dongo Kundu, Sh 9,500 kwa siku. Liliondoka kisiwani saa moja, likakwama nyuma ya matrela upande wa Changamwe, likafika shambani saa nne na nusu, watoto wawili wametapika. Siku hiyo ndiyo iliyokuwa ya mikoko, maji yanapwa karibu saa tano. Kabla hawajanywa chai na kutulia, maji yalikuwa yanarudi.

Jioni hiyo nikawapigia wazazi mmoja mmoja. Hoja yangu ilikuwa hii: asubuhi umati wa Likoni unakwenda kisiwani, sisi tunakwenda kinyume chake, na jioni ni hivyo hivyo. Feri tunayopanda sisi ina nafasi. Mtu mzima mmoja kwa watoto sita, wote wakishika kamba moja, na tunasubiri watu wapande kwanza, sisi mwisho. Wawili walikataa na kuwaleta watoto wenyewe. Waliobaki wakakubali kwa sharti la kuwa mzazi mmoja avuke nao.

12 Agosti: Tope

Feri, halafu matatu ya kukodi upande wa Likoni (Sh 4,000 kwa siku). Saa mbili na robo wote wako shambani.

Mikoko yetu ni msitu wa serikali tangu ilipotangazwa mwaka 1932, hivyo hakuna kuingia na kupanda unavyotaka. Tulikwenda na kikundi kilicho na kibali, tukawalipa Sh 8,000. Mimi nilikuwa nimechagua mahali pa kupanda: uwanda wa juu, mkavu kidogo, miguu ya watoto haizami. Mzee alipoona akacheka. Mikoko si aina moja, na pale ni pa mchu. Mkoko wenyewe unataka maji yaufikie kila siku, mkandaa unakaa katikati, na mlilana uko mbele kabisa unakabiliana na bahari. Kila mti na ngazi yake, na mche ukiwekwa kwenye ngazi ya jirani unakufa kwa chumvi au kwa kuzama.

Badala ya kulikubali hilo kwa mdomo, tumelipima. Mbegu za mkoko, zile ndefu zinazoota zingali juu ya mti, zilikuwa 150. Safu moja ya 20 tumeipanda pale juu kwa makusudi, zilizobaki 130 tumezishusha mzee alipotaka. Wakubwa wameweka vigingi na kuandika hesabu.

Kushuka ndiko kulikokuwa na kazi. Tuliwaagiza wazazi mabuti ya mpira. Msiagize. Tope la mikoko linalivuta buti, mguu unatoka mtupu, buti linabaki limesimama peke yake na mwenyewe kashaanguka makalio. Nusu saa nzima ilikuwa ya kuchimbua mabuti. Kinachofaa ni raba kuukuu zilizofungwa kamba mpaka kifundoni, na soksi nene. Miguu mitupu hapana, chaza na mizizi inakata.

Kaa wenye gando moja kubwa ndio walioiba nyoyo. Ukisimama kimya wanatoka mashimoni kwa mamia na kupunga gando lile, ukitikisika wote hawapo. Sijapata kuona watoto ishirini na wanne wamenyamaza namna ile bila kuambiwa.

13 na 14 Agosti: Vifaranga, kunguru na kisu

Mayai kumi na mawili, vifaranga tisa, usiku wa kuamkia Jumatano kama ilivyohesabiwa. Watoto walikuta wawili wangali na manyoya mabichi. Hapakuwa na somo la kufundisha, nilikaa pembeni.

Alhamisi koo akawatoa nje. Kabla ya chai, kunguru amechukua wawili. Hawa kunguru wenye shingo ya kijivu si wa asili ya hapa. Waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 wakaenea pwani yote, na kifaranga kwao ni chakula rahisi. Kilio kilikuwa kikubwa. Nikawapa wale sita wakubwa kazi: nyavu kuukuu za wavuvi (Sh 1,200 kwa fungu), fito na kamba, na uwanja wa vifaranga ufunikwe kabla ya adhuhuri. Walipima, wakakosea pembe moja, wakafumua, wakafunga upya. Kunguru walitua juu ya wavu, wakapiga kelele, wakaondoka. Simu zilitoka mifukoni mara moja tu, kupiga picha kazi yao.

Wao hao ndio waliopewa pia mboji yenye joto. Wako Gredi ya 7 na ya 8, Kilimo wanakisoma darasani na hatua za mboji wanazikariri vizuri. Tulichomeka chuma cha ujenzi katikati ya lundo, tukakiacha, kisha kila mmoja akakishika. "Haa! Kinachoma!" Mmoja akauliza nani amewasha moto ndani. Huko darasani alikuwa amepata alama zote kwenye swali hilo.

Kuchinja kulikuwa mchana huohuo. Mpishi alihitaji jogoo wanne, na ami huchinja mwenyewe. Niligawa: anayetaka kuona aje, asiyetaka akakune nazi. Wadogo walikuja karibu wote, wakatazama kwa utulivu, wakauliza maswali kuhusu firigisi. Aliyeondoka ni kijana wa miaka 15, na wali hakuugusa. Jioni mama mmoja alinipigia, akasema kwa adabu lakini kwa uzito kwamba jambo hilo lilipaswa kuulizwa nyumbani kwanza. Ana haki. Limeingia kwenye karatasi ya ruhusa, na siku ya kuchinja kutakuwa na mchicha wa nazi wa kutosha kwa asiyekula kuku.

15 Agosti

Mchicha umekatwa, mafungu 60 kwa Sh 20, umeuzwa barabarani na watoto kabla ya sala ya Ijumaa. Umekwisha. Pesa, Sh 1,200, wameamua wenyewe zinunue chakula cha vifaranga. Kunde za Jumatatu zimetoa vichwa.

20 Agosti: Hesabu

Watoto 24. Ishirini walilipa Sh 6,500, wanne wa kijijini Sh 1,500. Jumla Sh 136,000.

Zilizotoka: usafiri 25,500, chakula cha watu 32 kwa siku tano 40,000, wasaidizi wanne na mpishi 30,000, muuguzi 10,000, kikundi cha mikoko 8,000, majembe madogo, ndoo, nyavu na kamba 14,300, bima ya ajali 6,000, maji ya kunywa 4,500. Jumla Sh 138,300.

Tumepungukiwa Sh 2,300, bila kuhesabu tangi, makuti wala jasho la ami. Lau basi la Dongo Kundu lingeendelea siku zote tano, pengo lingekuwa Sh 24,300. Kwa hiyo atakayeiga aanze na usafiri, ndio unaokula.

Nimeshauriwa niwaondoe wale wanne wa bei ya chini. Siwaondoi. Ndio waliojua kumshika koo asidonoe, ndio waliowaambia wenzao lipi ni dafu na lipi ni koroma bila kulipasua, na watoto wa kisiwani waliwafuata wao kuliko walivyonifuata mimi. Desemba bei kamili itakuwa Sh 7,000.

15 Novemba: Maandalizi ya Desemba

Mikoko tumeihesabu tena na wakubwa wanne waliorudi. Safu ya juu: mitatu kati ya 20 iko hai. Ya chini: 101 kati ya 130. Karatasi ya hesabu imetundikwa bandani.

Lundo la jongoo limeanza kuwa udongo mweusi upande wa chini, vidole vinne hivi. Polepole, lakini linakwenda.

Mwezi unapevuka usiku wa kuamkia 5 Desemba. Kambi ni tarehe 1 hadi 5, na horini tunashuka Alhamisi, kupwa kutakuwa kabla ya adhuhuri. Safari hii maji yanazidi kuelekea bamvua kadiri wiki inavyosonga, hivyo Alhamisi ikitukatalia bado kuna Ijumaa asubuhi. Koo wawili wamewekewa mayai tarehe 12. Mchicha uko ardhini tangu tarehe 6. Kisima kimeanza kupanda chumvi, tangi limejaa nusu kwa mvua za vuli.

Kulala kambini usiku mmoja, ambako wakubwa wanakuomba sana, bado hapana. Vyandarua na mahema vinapatikana. Choo ni kimoja, na shimo la pili fundi anataka Sh 65,000. Nafasi zilizobaki ni saba, mbili kati yake za bei ya kijiji.